Nati ya Mwalimu

Fundi, mgane ambaye nyumbani hupokewa na kufuli tu, aliegemeza bisibisi ndefu kwenye injini, akatega sikio. Ko, ko, ko. Gari la mwalimu mstaafu, lililotembea mpaka mita ikakata tamaa, lilikuwa limerudi tena. Injini ni nzima, kinachogonga ni kibati cha juu ya ekzosi, nati ileile ya siku zote imelegea. Safari hii ilikuwa na alama za meno ya plaizi, na fundi anayejiheshimu hafungui nati kwa plaizi.

“Mwalimu, nani mwingine analigusa gari hili?”

“Nani tena? Naishi peke yangu,” mzee alijibu, macho chini.

Fundi akasonya. Kisha akavuta benchi, wakapiga soga mpaka jua likatua.

Nati aliikaza kwa vidole tu.