Mtani Wangu Mwenye Jezi ya Sitini na Nane

Miezi michache iliyopita nilikuwa kwenye basi natoka kazini, mzee mmoja akaketi mbele yangu ananuka dawa ya kuchua, ile inayopoza na kuwasha kwa pamoja. Nilishindwa kuvumilia. Nilishuka vituo viwili kabla ya changu, nikalia palepale kituoni Peckham, hapa London, mtu mzima mimi, na begi la kazini begani.

Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya Ambakisye. Alikuwa binamu yangu, mtoto wa mjomba, na Mama ndiye aliyemlea tangu wazazi wake waliporudi Mbeya. Alikuwa jitu la mtu. Mlango wetu wa ghorofa ya nne aliupita kiubavuubavu. Kocha mmoja alimwona akicheza raga shuleni, akamtafutia nafasi Marekani, na baada ya miaka mitano tukamwona kwenye televisheni: mchezaji wa kulipwa wa mpira wa Kimarekani, jezi namba sitini na nane. Nilikuwa na miaka sita, na nilivyojua mimi, duniani hapakuwa na mtu maarufu kumzidi.

Jumapili tukitoka kanisani, Mama alibandika ndizi na nyama, na jioni tukajaa sebuleni kumtazama. Mama hakuelewa hata kidogo. "Mpira gani huu, mguu hawautumii?" alilalamika kila wiki. Baba, aliyejifanya mjuzi, alimweleza kwamba kazi ya Ambakisye si kukimbia na mpira, ni kuzuia. Anasimama mbele ya mrushaji wa mpira, wapinzani wanakuja kama malori, anawapokea kwa kichwa na mabega ili mrushaji asiguswe.

"Yaani anapigwa kwa niaba ya mwenzie?" Mama aliuliza.

Baba akasema ndiyo, na ni kazi ya heshima. Mama akarudi jikoni.

Ligi ikiisha, Ambakisye alikuja kukaa kwetu kiangazi kizima, na hapo ndipo raha yangu ilipokuwa. Kwetu mabinamu ni watani. Aliniita "mke wangu" mbele ya wageni, mimi nikamwita kibogoyo. Nilimnyang'anya mnofu sahanini, naye hakuruhusiwa kununa. Mama akinisemesha Kiswahili nilimjibu Kiingereza, kama watoto wote wa jengo letu, lakini kwa Ambakisye nilijikakamua, maana utani kwa Kiingereza ulikuwa hauna chumvi.

Kiangazi nilipokuwa na miaka tisa, alikuja na utani mpya. Asubuhi anakunywa chai, ananitazama, anauliza, "Wee mtoto, unaitwa nani vile?" Nikamwambia mimi ni malkia, aniinamie. Akainama. Kesho yake akauliza tena. Nikamwambia mimi ni daktari wa meno, afungue kinywa. Akafungua. Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani.

Siku moja Mama alitutuma nyama. Tulipotoka buchani, kwenye mtaa aliokulia mwenyewe, Ambakisye akasimama katikati ya watu akaniuliza, "Nyumbani ni upande gani?" Sasa mtani akikuuliza hivyo, wewe utafanyaje? Nilimpeleka upande usio wetu. Tulizizunguka saluni zilezile mara tatu, yeye kanishika mkono, mpaka akakaa kwenye kiukuta cha kanisa akaanza kulia. Machozi kweli kweli. Nikampigia makofi. Jamani, nilimpigia makofi! Nikamwambia anafaa kuwa mwigizaji. Akajifuta uso, akacheka na mimi, tukaenda nyumbani.

Kumbe kiangazi kile nyumba ilikuwa na mvutano ambao sisi watoto tulifichwa. Msimu uliopita Ambakisye alikuwa ameangushwa vibaya, na daktari alimshauri aache kucheza. Baba naye alisema asirudi. Ambakisye akamwangukia Mama: "Msimu mmoja tu, shangazi. Nikiuacha mpira, mimi ni nani?" Alikuwa na miaka ishirini na sita, angeweza kupanda ndege akaenda zake. Lakini kwetu mtu hafungi safari bila baraka ya aliyemlea, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la Mama.

Siku mbili kabla ya safari Mama alikuwa ananisuka. Akaniuliza, "Sekela, wewe ndiye unayeshinda naye. Binamu yako yuko sawa?"

Nilimkumbuka alivyoniinamia, nikakumbuka na kile kilio chake. "Yuko sawa, Mama. Anatania tu."

Vidole vyake vilisimama kichwani mwangu, kisha vikaendelea. Jumamosi alimshika Ambakisye kichwa kwa mikono miwili, akamwombea, akamruhusu.

Mechi ya tatu aligongana na mtu, akaanguka, akainuka mwenyewe. Tukashusha pumzi. Halafu akatembea polepole, akaenda kuketi kwenye benchi la wapinzani. Mimi nikaangua kicheko. Nilicheka peke yangu sebule nzima, mpaka nilipouona uso wa Baba.

Hakucheza tena. Alirudi kwetu akakaa miaka kumi na sita, na kila mwaka kilimtoka kitu: kwanza njia, kisha majina, mwishoni hata kushika kijiko. Tulimzika mwaka juzi. Madaktari walisema ubongo uliumia kidogo kidogo kwa mapigo ya miaka yote, si ya siku moja. Maneno hayo hayakunisaidia kitu, kwa sababu nilishajua nani alisema yuko sawa.

Jumapili iliyopita, tukikunja nguo chumbani kwa Mama, nilimwambia yote. Nikamwambia mimi ndiye niliyemponza Ambakisye. Mama aliendelea kukunja shuka.

"Nilikuwa namsikia akikuuliza jina," alisema. "Kila asubuhi. Nilikuwa hapo jikoni."

Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini aliniuliza mimi?

"Watu wazima wote walishaniambia nimkataze, mwanangu. Na yeye alikuwa ananililia. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie yuko sawa, na nilijua wewe utasema."

Nilimkasirikia. Mungu anisamehe, nilimkasirikia mama yangu kwa namna ambayo sikuwahi. Kisha nikaona shuka lile analikunja, analikunjua, analikunja upya, wala hajui anachofanya. Nikakaa kitandani kando yake. Miaka karibu ishirini tumelia chini ya paa moja, mimi chumba changu na yeye chake, kila mmoja akiamini ni yeye peke yake aliyemwachia aende.