Valizi ya Magurudumu na Sufuria ya Mama Mkwe

Mpaka leo nikipita Kailo kuna watu hawaniiti Amisi, wananiita Bwana Valizi, na mimi ninaitika, maana mtu akishaaibika mbele ya bukwe wake, yaani wakwe zake, mbele ya kuku na mbuzi wa bukwe wake, hana tena cha kuficha. Nilikuwa sitaki kuisimulia habari hii (mimi ni mtu wa haya, nikiitwa kusema mbele ya watu ulimi unakuwa mzito kama jiwe), lakini wengine wameanza kuisimulia na kuongeza mambo ambayo hayakuwapo, eti nililia, eti nilikimbilia porini. Sikulia. Porini nilitaka kukimbilia, ila njia ilikuwa imejaa watu.

Kazi yangu ni safari. Ninauza vikwembe, vile vitambaa vya wanawake vya kujifunga, na nguo za watoto, ninavipeleka Kailo, ninavipeleka mpaka Punia wakati barabara inakubali, nikirudi Kindu ninapumzika kidogo kwa mama, mtaa wa Mikelenge, halafu ninaondoka tena. Katika safari hizo zote nilikuwa na mfuko mmoja tu, mfuko wa mama, alioushona mwenyewe wakati wa vita. Siku zile treni ilikuwa imesimama, chumvi na sabuni zilikuwa hazionekani, na mama alikuwa anapita porini kwa miguu na chumvi mgongoni ili abadilishe kwa mpunga. Aliushona kwa turubai la kijani na kwa ule uzi unaochomolewa ndani ya tairi kuukuu la gari, na mfuko ule umenyeshewa, umeanguka mtoni, umelaliwa na askari kama mto wa kitanda (mama hasemi zaidi ya hapo), na haujatoboka. Ubaya wake ni sura. Una rangi ya chura, unanuka samaki mkavu, na ukiuweka chini unajikunja kama mlevi aliyefukuzwa msibani.

Sasa, kuna msichana Kailo anaitwa Salima, anauza maandazi sokoni. Ilinichukua msimu mzima wa mvua kumwambia neno lingine zaidi ya "nipe maandazi," na nilinenepa kwa ajili hiyo. Mwishowe tulielewana, na wazazi wake wakatuma neno kwamba tunaweza kuja kujionyesha. Baba mdogo Ramazani, mdogo wa marehemu baba, ndiye angesema kwa niaba yetu. Mama alinunua kikwembe kizuri na sufuria kubwa yenye kifuniko kwa ajili ya mama mkwe, maana kwetu huwezi kumtaka binti aliyefundishwa kupika halafu ukamsahau aliyemfundisha.

Mimi nikawaza: nitaingiaje kwa watu na ule mfuko wa chura? Nikamwambia mama kwamba nitanunua valizi, sanduku la safari la dukani.

Mama hakukasirika. Alisema, "Nunua, mwanangu, muntu wa safari anapaswa kuwa na kitu chake. Lakini usinunue kwa macho. Vuta mukono wake na nguvu yako yote, pale pale mbele ya muuzaji. Geuza ndani, angalia mishono. Kitu kinaonyesha uongo wake kwa ndani." Halafu akachukua mfuko wake na kunionyesha mikanda, jambo ambalo alikwisha kulifanya mara nyingi tangu utoto wangu. "Huu wa kushoto nilishona mimi, unakatika kila mara. Huu wa kuume ulishonwa na mwanamke mumoja aliyenilaza kwake wakati wa vita. Angalia, uzi unapita na kurudi kama nyayo za kuku. Haujakatika hata siku moja." Nikasema ndiyo mama, ndiyo mama, kama mtu anayesikiliza mvua.

Sokoni nikaiona. Ilikuwa nyekundu, ngumu kama ganda la kobe, inang'aa mpaka unajiona meno, na chini ina magurudumu. Muuzaji akaniona nimeiona.

"Papa, karibia! Hii njo valizi ya watu ya ndege! Haina kazi ya kubeba, unavuta tu, inakufuata kama imbwa!"

"Iko nguvu?" nikauliza.

"Nguvu? Unaweza kukalisha mama mukwe juu yake!"

Wasichana waliokuwa wanauza viatu pembeni wakacheka, wakaniangalia, na hapo ndipo mambo yote yalipoharibika, kwa sababu nilitakiwa kuuvuta mkono wa valizi kwa nguvu zangu zote na kuigeuza ndani kama mama alivyosema, lakini niliona haya. Nilifikiri watasema, angalia huyu wa kijijini, anakagua valizi kama anakagua meno ya mbuzi. Nikalipa, nikaondoka nayo, nayo kweli ikanifuata kama imbwa, kwenye saruji ya pale mbele ya duka.

Baada ya saruji kuna mchanga. Siku ya safari, kushuka ukingoni mwa mto ili tuvuke, gurudumu moja lilizama na halikutoka tena (labda liko pale mpaka leo). Baba mdogo alikuwa mbele na mfuko wa chura begani, maana mama, aliyebaki nyumbani, alikuwa ameujaza mchele na kusema, "Wewe na valizi yako, mimi na mfuko wangu, kila mumoja afike na chake." Akageuka, akaniona nimeibeba valizi kichwani, gurudumu lililobaki likitazama mbinguni.

"Amisi, si ulisema ile inatembea?"

"Inapumzika, Baba mdogo."

Ng'ambo tulichukua pikipiki mbili. Motari wangu alikuwa kijana wa maneno mengi, akaifunga valizi nyuma kwa mipira, tukaondoka, na hatukufika mbali ikaanza: ng'aa, ng'aa, ng'aa. Ndani ya valizi ngumu vitu havina pa kujishika, sufuria inagonga ganda, kifuniko kinagonga sufuria. Ndani ya mfuko wa turubai ingekaa kimya kama mtoto mgongoni.

"Mwana, unapeleka ngoma?" motari akauliza. Watu walikuwa wanatoka majumbani kutuangalia.

Nikaomba asimame. Nikafungua valizi nitafute kitu laini cha kuziba kelele. Shati langu la kesho lilikuwa limepigwa pasi, suruali pia, na kikwembe cha mama mkwe sikuthubutu kukikunja. Kitu pekee ambacho hakingeharibika kwa kukunjwa ilikuwa kaleso yangu ya kubadilisha, nguo ya ndani ya zamani, ambayo mama alikuwa ameitia kiraka nyuma kwa kipande cha mfuko wa unga wa msaada. Nikaikunja, nikaisokomeza ndani ya sufuria, nikabana na kifuniko. Kimya kabisa! Nilijiona mtu wa akili sana. Niliapa kuitoa kabla ya kufika.

Nanyi mnajua kwetu mkwe ni nani. Mama mkwe humpi mkono, hukai naye kwenye jamvi moja, mkikutana njiani unaingia kwenye majani apite. Humwangalii usoni. Hata nguo yako haianikwi kwenye kamba yake.

Tulipofika, watu walikuwa wamekwisha kusimama uwanjani wanatungoja, na kiapo changu kikapotea kichwani pamoja na salamu zote nilizokuwa nimezikariri njiani. Baba mdogo alitangulia. Mimi nilishusha valizi, nikaona uwanja umefagiwa vizuri, udongo mgumu, nikasema moyoni hapa sasa itatembea hata kwa gurudumu moja, wauone uzuri wake. Nikashika ule mkono, nikainamisha macho kwa heshima, nikaanza kuvuta. Ikanifuata vizuri. Kisha ikawa nyepesi. Nikafurahi, nikaenda kwa maringo kidogo, macho chini, mpaka nikasikia kicheko kimoja, halafu vingi, nikageuka.

Nilikuwa ninavuta mkono peke yake. Valizi yenyewe ilikuwa imebaki kule nyuma karibu na pikipiki.

Nikakimbia, nikaikumbatia, nikaiinua kwa hasira, na kufuli lake dogo la dhahabu likasema taa! Ikafunguka kama mdomo. Shati likaanguka, suruali ikaanguka, na sufuria ikaanguka kwa ubavu wake, na uwanja ule una mteremko. Ikaenda. Ng'aa, ng'aa, ng'aa, watu wanaipisha, kuku wanaruka, mimi ninaifuata nimeinama, mkono wa valizi ungali mkononi mwangu, ikagonga kizingiti cha nyumba, ikageuka, kifuniko kikazunguka na kulala, na kaleso yangu ikatoka nusu, kiraka juu, mbele ya miguu ya mwanamke mmoja mwenye kikwembe cha manjano. Sikuhitaji kuangalia usoni. Miguu ilikuwa kama ya Salima, ila ya zamani.

Motari, ambaye alikuwa hajaondoka (kwa nini alikuwa hajaondoka?), akasogea, akainama, akasoma maandishi ya Kifaransa ya kile kiraka kwa sauti, kisha akawatafsiria watu: "Wameandika, haiuzwi!"

Mama mkwe alijifunika uso kwa kikwembe chake, akaingia ndani.

Kicheko kikakatika. Baba mkubwa wa Salima, kaka ya baba yake, mwenye neno la mwisho pale, alisimama. "Ramazani, tumecheka kwa sababu sisi ni watu. Lakini kaleso ndani ya sufuria ya mukwe? Mahali atapika chakula? Kama huyu anatuheshimu namna hii siku ya kwanza, siku zinazofuata atatuletea nini? Chukueni vitu vyenu. Jua lingali juu, mutafika kwenu."

Baba mdogo, anayejua methali kumi kwa kila shida, hakupata hata moja. Alisema tu, "Mukubwa, tumesikia. Basi mupokee angalau mchele wa mama yake, mfuko haurudi umejaa," na Shangazi Feza, dada ya baba yake Salima, akauchukua mfuko wa chura kwa ncha za vidole, akaingia nao ndani. Salima nilimwona mlangoni mwa jiko. Alikuwa hacheki. Ndipo nilipoelewa ninapoteza nini, na mkono wa valizi ukaniponyoka.

Halafu sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya ukuta, haisemi na mimi, inasema na Shangazi Feza, ila kwa nguvu ya kutosha:

"Feza, muulize yule mutoto. Huu mukanda wa kuume, nani alishona?"

Shangazi akatoka. "Umesikia?"

Nilisikia. Watu wote walinigeukia, na ulimi wangu ukawa lile jiwe. Baba mdogo alitaka kunijibia, Baba mkubwa akamzuia kwa kidole. "Aseme yeye."

Nikaangalia chini, nikasema, kwanza kwa sauti ambayo hata kuku hakuisikia, kisha tena, kwamba mfuko ni wa mama yangu, kwamba alibeba nao chumvi wakati wa vita, kwamba mkanda wa kushoto alishona yeye na unakatika kila mara, lakini ule wa kuume ulishonwa na mwanamke mmoja aliyemlaza kwake, na uzi unapita na kurudi kama nyayo za kuku, na haujakatika hata siku moja. Yalikuwa maneno marefu kuliko yote niliyowahi kusema mbele ya watu, na yote yalikuwa ya mama, yale ambayo nilidhani siyasikilizi.

Nyuma ya ukuta mtu akavuta pumzi.

"Feza, waambie watu. Nilikuwa nimejifungua, maziwa hayatoki, ninakula majani ya sombe bila chumvi mpaka inanirudia mudomoni. Mwanamke akapita na mfuko huu, mukanda umekatika, anaubeba kama mutoto. Akalala hapa. Asubuhi aliniachia chumvi kwenye jani, hakuomba kitu. Mimi sikuwa na kitu. Nilikuwa na sindano tu, nikamushonea. Yule mutoto niliyekuwa ninamunyonyesha njo huyu Salima. Waulize wanaume kama mama yule nitamurudishia mutoto wake na njaa."

Baba mkubwa aliiangalia sufuria, akaniangalia mimi, akakuna shingo. "Ataleta kuku," akasema mwishowe. "Kuku wa kuosha sufuria. Na ile kitu yake," akaelekeza mguu, "aitoe pale yeye mwenyewe."

Niliitoa mwenyewe. Motari alipiga makofi.

Kuku nilimpeleka, mkubwa, na sufuria ilisuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka ikang'aa kuliko valizi, na ndani yake ndimo kilipikwa chakula cha ndoa yetu. Mama yangu na mama mkwe walishikana mikono siku hiyo wakakaa hivyo muda mrefu, na mimi niliyekuwa ninaona haya ya ule mfuko nilitafuta mahali pa kuweka uso wangu. Ninamshukuru mama kwa chumvi, ninamshukuru mama mkwe kwa sindano, ninamshukuru hata motari (kidogo). Mungu awalipe, aksanti haitoshi.

Valizi iko Mikelenge, nyuma ya nyumba, haifungi, kuku wa mama anatagia ndani. Mimi sinunui tena mzigo bila kuvuta mkono wake mbele ya muuzaji, wasichana wacheke wanavyotaka, na kaleso yangu inasafiri mfukoni mwa suruali, siyo mahali pengine. Mfuko wa chura ndio ninaokwenda nao Punia. Safari moja nilipolala Kailo niliuacha ukumbini, na asubuhi niliukuta mahali pale pale, ila mkanda wa kushoto, ule wa mama, ulikuwa umeshonwa upya, uzi unapita na kurudi kama nyayo za kuku. Mama mkwe wangu na mimi hatuzungumzi ana kwa ana mpaka leo. Niliuvuta ule mkanda kwa nguvu zangu zote, pale pale, naye nyuma ya ukuta akanisikia ninavuta.