Nahodha Asiyejibiwa Redioni

Saa kumi na mbili asubuhi, Steinhatchee, pwani ya Florida. Verlon Sapp anachukua redio ya upepo na kubonyeza. "Jamani, mmeamkaje? Nje bahari imetulia. Nani anatoka leo?"

Redio inakoroma tu. Anangoja, kisha anaitundika na kuwasha injini.

"Wananisikia," anasema. "Wamenuna."

Verlon, 61, ni nahodha wa boti ya kukodi. Majira ya baridi huwatoa wageni kuvua kwenye maji ya kina kifupi, karibu na ufuko. Joto likianza huwapeleka mbali, kwenye mawe ya chini ya bahari anakoishi samaki aitwaye chewa. Siku nzuri humwachia dola 400, mafuta na chambo vikishalipwa. Riziki anaipata. Anachokosa ni mtu wa kuongea naye.

Kwa wavuvi wa hapa jiwe ni siri. Namba zake za ramani hupewa mtu mmoja unayemwamini, naye hampi mwingine. Royce Tuten, rafiki yake tangu shuleni, alimpa Verlon namba za jiwe aliloachiwa na baba yake.

Msimu uliopita mgeni alipata chewa mkubwa, akaomba picha. Verlon akasimama naye kando ya usukani, meno yote nje. Nyuma yao skrini ya ramani ilikuwa wazi, namba za jiwe la Royce zinasomeka. Maji yakimwagika hayazoleki, na picha ikishafika mitandaoni ndiyo kabisa. Jumamosi iliyofuata boti zilijaa pale kama gulio. Kabla msimu haujaisha jiwe lilikuwa tupu.

"Kila nahodha hufunika skrini kwa kofia," anasema. "Mimi mzee mzima nikaona samaki, nikasahau."

Royce alimkabili gatini, kwenye mizani ya samaki, mbele za watu. "Ungeniibia boti, Verlon, ningekusamehe. Baba alinipa mimi peke yangu. Wewe umeipa Marekani nzima!"

Tangu siku hiyo hakuna nahodha anayemjibu.

Mchana, wageni wake wakisinzia, Verlon anakula mkate wake huku akiwasikiliza wenzake redioni.

"Royce, hao ni samaki au chambo?" mmoja anachokoza.

"Njoo na miwani yako, kipofu wewe!" Royce anajibu.

Verlon anacheka. Mkono wake unaigusa redio, kisha unarudi kwenye mkate. Inauma kumtazama.

Jumapili, baada ya kanisa, atakwenda kwa Royce. Amebaki na jiwe moja zuri, alilolitafuta mwenyewe kwa miaka mingi na ambalo hata marehemu mkewe hakuonyeshwa.

"Nitampa namba zake."

Na asipofungua mlango?

"Nitazisoma hapo hapo barazani, kwa sauti. Masikio anayo."

Majirani watasikia, na wote ni wavuvi.

"Wasikie," anasema. "Mwaka mzima nimekaa na lile jiwe, na halijanisalimu hata siku moja."