Plaizi Shingoni mwa Babu Damiano

Mwaka themanini na tatu Babu Damiano Hhando alikuwa wa tatu kwa mbio ndefu Karatu nzima, na wakimbiaji wenzake walikuwa hawampendi hata kidogo. Mwenyewe anakubali. Anasema alikuwa na maringo. Akikupita, anageuka kukuangalia, na uso wake ulivyokuwa, aisee, kuangaliwa vile ilikuwa ni tusi.

Alipokuwa mdogo kule Kansay punda alimpiga teke la uso. Taya likavunjika, likaunga upande. Meno ya chini yakaenda kulia, ya juu yakabaki kwao, hayakutani. Hindi la kuchoma hakuwahi kuling'ata maishani. Mama yake, Katarina, alikuwa anampukuchulia, halafu anaziponda punje kwenye kinu. Jamaa wa timu wakamwita Kidevu.

Sasa mwaka huo ikasikika kuna daktari mgeni kwenye hospitali moja ya misheni, mbali, ananyoosha mataya. Babu akaenda kuaga kwa kocha wao, Mwalimu Bonifasi. Huyu mwalimu alikuwa mkali mpaka jogoo wa shule walimwogopa.

"Kwani wewe unakimbia kwa miguu au kwa taya?"

"Kwa miguu, mwalimu."

"Basi taya liache. Timu ya kwenda Arusha inachaguliwa Saba Saba, watu watatu tu. Ukienda huko, usirudi kwangu."

Babu akadandia lori la vitunguu linalotoka Mang'ola, akaenda.

Wakamvunja taya upya, wakaliweka sawa, halafu wakafunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa waya. Wiki sita mdomo haufunguki! Chakula ni uji na maziwa kwa mrija, tena uji wenyewe hauna sukari maana mwaka ule sukari uliisikia kwenye redio tu. Siku ya kuondoka hospitali, daktari akampa plaizi ndogo. Akamwambia, hii usiiache hata chooni. Ukitapika huku umefungwa, utapaliwa ufe, kwa hiyo kata waya haraka. Na usikimbie mpaka mwezi wa sita.

Babu akaitia kamba ya kiatu, akaivaa shingoni kama rozari.

Akafikia kwa shangazi yake Rozalia, kule juu karibu na msitu wa Ngorongoro. Kukimbia amekatazwa, sawa, lakini kutembea hajakatazwa. Wiki ya tano akawa anatembea kila asubuhi pembeni mwa msitu, kwa kasi ambayo wewe na mimi tungeiita kukimbia. Anahema kwa pua tu. Mwanzoni alikuwa anaona nyota. Baadaye pua ikazoea.

Sasa fikiria. Ndiyo ile kamata-kamata ya wahujumu uchumi imepamba moto, kila mtu anamwangalia mwenzake kwa jicho baya. Na msituni askari wanatafuta watu wanaotega nyati kwa mitego ya waya. Anatokea kijana kwenye ukungu, haraka haraka, kavimba uso, shingoni ana plaizi.

"Simama hapo!"

Walikuwa wawili. Mkubwa wao aliitwa Thomasi.

"Unatoka wapi na plaizi?"

Babu akajibu kwa meno yaliyofungwa. Kilichotoka ni mmm-mmm.

"Fungua mdomo uongee!"

"Mmm!"

"Anatudharau huyu," akasema yule mwingine. Akamkamata kidevu, akamfunua mdomo wa juu. Akaruka nyuma. "Thomasi! Ana waya mdomoni!"

Thomasi akachungulia. Akacheka kicheko kibaya. "Sijawahi kuona. Wenzake wanaficha kwenye majani, huyu anaficha kwenye meno." Akaivuta ile plaizi mpaka kamba ikakatika. "Mshike kichwa. Nautoa huo waya, ndiyo ushahidi."

Jamani, wangekata, wiki tano zote zimekwenda na taya limekwenda. Babu anasema hakufikiria hata daktari alisema nini. Alimpiga yule mwingine kikumbo, akashuka mlima.

Alikimbia na tumbo limejaa uji, plaizi haipo, mdomo haufunguki. Alikuwa anajiambia usitapike, usitapike, usitapike. Nyuma askari wanapiga kelele, "Mhujumu! Mhujumu huyo!" Watu wakatoka mashambani na majembe. Hakuna aliyeuliza. Mama mmoja alimrushia bonge la udongo likampata mgongoni.

Akaingia uwanja wa shule. Timu ilikuwa mazoezini, na Mwalimu Bonifasi kasimama na filimbi yake na daftari kwapani. Babu akaanguka miguuni pake. Askari wakafika hoi, ulimi nje.

"Mwalimu," Thomasi akauliza, "unamfahamu huyu mtega nyati?"

Mwalimu akamwangalia Babu muda mrefu.

"Simfahamu," akasema.

Na Martini, mkimbiaji wa nne, ambaye ndiye angerithi ile nafasi, alikuwa pale anachezea kamba za raba zake.

Babu akainuka, akalichomoa lile daftari kwapani mwa mwalimu. Alijua mwalimu anaandika kila kitu, na habari ya waya ilishamfikia. Akafunua mpaka orodha ya wakimbiaji, akagonga kidole mahali. Thomasi akachukua, akasoma kwa sauti ya mtu aliyesoma kwa shida:

"Tatu. Damiano Hhando. Kafungwa waya mdomoni hospitali. Afutwe."

Thomasi akamwangalia mwalimu, akamwangalia Babu, akairudisha plaizi kwa kuitupa chini. Hakuomba radhi. "Siku nyingine tembea na cheti," akasema, akaondoka.

"Jina nimeshalifuta," mwalimu akasema. "Na nikifuta nimefuta. Nafasi ni ya Martini."

Waya ulitolewa mwisho wa mwezi wa nne. Mdomo ulifunguka kwa upana wa kidole kimoja tu, akawa anaufanyisha mazoezi kila siku kwa kijiko cha mti. Mwezi wa sita akaanza kukimbia, peke yake. Timu ikipishana naye njiani inatema mate pembeni.

Saba Saba ikafika. Njia ilikuwa kutoka mnadani Karatu mpaka juu Rhotia na kurudi. Babu akaenda kupanga mstari.

"Waliofutwa hawana namba," mwalimu akasema.

Ofisa michezo aliyetoka Mbulu alikuwa na haraka zake. "Mwache akimbie bila namba. Akiingia watatu bora ataandikwa. Asipoingia, mtakuwa na cha kucheka."

Kwenda, Martini alimganda ubavuni. "Kidevu, nikikugusa kidogo tu, hilo taya utaliokota Mang'ola." Na kweli akampiga kiwiko. Kikampata shingoni, upana wa kidole tu kutoka kwenye taya. Babu akaendelea na mbio zake. Kugeuza Rhotia alikuwa wa tano.

Kurudi sasa, ndiyo zikaja Landrova za watalii, nne zimefuatana, zinawahi kreta ya Ngorongoro. Unalijua vumbi letu la kiangazi, jekundu, laini kama unga. Kila gari likipita dunia inapotea. Wenzake walikuwa wanahema mdomo wazi kama kambale, wakalimeza lote. Wa nne akasimama anakohoa. Martini akainama, anashika kifua, anatapika matope. Babu alifunga mdomo, akahema kwa pua, kama alivyofanya wiki sita zile. Akapita katikati ya vumbi. Na alipompita Martini, hakugeuka kumwangalia. Anasema hiyo ndiyo ilimpa kazi kuliko mlima.

Akaingia wa tatu. Martini alifika nyuma yake hatua kama kumi.

Hakuna aliyepiga makofi, isipokuwa mama yake, Katarina, aliyetoka Kansay kwa miguu. Mwalimu akafungua daftari, akaandika Damiano Hhando kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Hakuinua macho.

Mama yake alikuwa na hindi la kuchoma kwenye kanga, yale ya mwisho wa msimu, magumu kama kokoto. Akaanza kulipukuchua, kama alivyozoea. Babu akamnyang'anya. Akaenda kusimama mbele ya Mwalimu Bonifasi, karibu kabisa, akaling'ata zimazima. Mwaaa! Punje zikaruka mpaka kwenye daftari.

Mwalimu akazipangusa. "Huna adabu. Mtu anatafuna kafunga mdomo."

"Nimeufunga wiki sita, mwalimu," Babu akasema, na hindi limejaa shavuni. "Zinatosha."