Taa Aliyekataa Kula

Taa wangu alikuwa katika siku ya tisa bila kula. Ni samaki bapa wa mtoni, mviringo kama chapati, mkia una mwiba. Nilimfuga kwenye tangi la kioo sebuleni kwangu Keroka. Nilikuwa nimebadilisha maji, nimepima joto, nimemchimbulia minyoo minono migombani. Wapi! Sasa kingo za mwili wake zilianza kujikunja, na taa akijikunja hivyo, kifo hakiko mbali. Nikabaki nimeinama mbele ya kioo, nikimgombeza: "Kula, mjinga wewe!"

Mama alinikuta hivyo alipofika kutoka Gesima na ndizi zake.

"Umemkodolea macho tangu lini?"

"Tangu Jumapili, mama."

Akafungua leso kiunoni, akafunika tangi lote. "Toka hapo. Nani atakula akitazamwa hivyo?"

Nilitaka kubisha kwamba samaki si mgeni wa kuonea watu haya, lakini uso wake haukuruhusu. Tulilipa tangi mgongo, tukamenya ndizi. Kila nilipogeuza shingo, alinipiga kofi la paja. Saa nzima ilipita hivyo.

Hatimaye akainua leso. Kati ya minyoo mitatu niliyomwekea, ulibaki mmoja.

Nilicheka kama mwehu, nikamuuliza alijuaje. Yeye hakucheka.

"Tulipomzika baba yenu," alisema akijifunga leso yake iliyolowa, "mlinikalia mbele hivyo hivyo, mkinihesabia matonge."