Shavu la Shabani

Mimi sikusoma sana. Shule niliiacha darasa la tatu, na nyumba hii ya matofali hapa Alunguli niliijenga kwa nguvu za baisikeli. Kwa hiyo usiniambie niliota. Haikuwa usiku, sikunywa kitu, jua lilikuwa linachoma bati.

Mujukuu wangu Asha ni kiziwi tangu kuzaliwa. Mwaka juzi mwalimu wao alileta tableti, ndani yake kuna sura ya mwanaume iliyochorwa, inayofundisha watoto kutamka maneno. Unaigusa, shavu la kuume linakuwa wazi kama kioo, mutoto anaona ulimi unavyopanda na meno yanavyokutana. Naye anaiga. Asha, ambaye miaka tisa alikuwa akilia tu kama mbuzi, akasema "maji". Akasema "mama". Nililia, sifichi.

Lakini shavu lile sikulipenda. Nilikwisha kuona ulimi wa mutu kupitia shavu.

Wakati wa vita treni haikutembea. Tulisukuma baisikeli, mimi na rafiki yangu Shabani, tunapeleka chumvi kule kijijini Tunda, tunarudi na mafuta ya mawese. Tulikula sahani moja. Siku moja risasi zikatoka porini. Moja ilimupiga kwenye nyonga, nyingine ikamutoboa shavu la kushoto. Akaanguka, akaniangalia, na ndani ya tundu lile niliona ulimi unatafuta neno. Nikakimbia. Chumvi sikuiacha.

Muke wake, Mama Zaina, nilimuambia alikufa palepale mikononi mwangu, bila neno, na kwamba nilimuzika mwenyewe na dua nikasoma. Akaingia eda, miezi minne na siku kumi mujane hatoki nje. Tangu hapo ananiita shemeji, na kila Idi ananiletea sahani ya wali na kuku. Nami nakula.

Sasa sikiliza. Saa tisa ya muchana Asha amekaa barazani, tableti iko magotini, mimi nimesimama nyuma yake. Batri ilikwisha tangu asubuhi, tulikuwa tunangoja jirani awashe jenereta. Kioo kikawaka chenyewe. Sura ile ikageuza kichwa, ikatoa shavu la kushoto. La kushoto, unanielewa? Na halikuwa wazi kama kioo. Lilikuwa tundu, na kingo zake nazijua. Mudomo ukaanza kutembea bila sauti.

Utasema ni macho ya muzee. Sawa. Na Asha je? Mutoto ambaye hajasikia hadithi ya mutu yeyote, nani alimuambia? Aliukazia macho mudomo ule, akaiga polepole, kwa sauti yake ya puani:

"Niko muzima. Usiende."

Hayo njo maneno yenyewe. Niliyasikia kule barabarani, nimekwisha kumupa Shabani mugongo.

Nilimunyang'anya ile tableti. Ilikuwa nyeusi, baridi. Mwalimu aliipima baadaye, akasema haina kosa, ila neno hilo "muzima" halimo katika masomo yake.

Kesho yake nikaenda kwa Mama Zaina, nikasema yote. Alikuwa anapepeta muchele, hakuacha kupepeta. Akaniuliza, "Shemeji, siku niliingia eda, alikuwa angali anapumua?"

Sikujua. Hadi leo sijui.

"Basi nilikaa eda ya mutu muzima," akasema. Akageukia ungo wake, na hakuniangalia tena.

Idi zimepita, sahani haikuja. Asha sasa anaongea maneno mengi, mutaa wote unamufurahia. Lakini kila nikivaa viatu nitoke, ananifuata hadi mulangoni na kuniambia, "Usiende." Anatabasamu. Mutoto anadhani njo vile watu wanaagana.

Wewe unayesoma, kama kuna mutu ulimuacha njiani, nenda ukawaambie watu wake leo, kwa kinywa chako. Usidhani maneno yake yalioza pamoja naye. Yanatafuta mutu wa kuyasema, na hayatachagua yule unayemutaka wewe.