Sababu ya Hitilafu

Nikimsikia fundi akijisifu kwamba amefunga kazi, damu inanichemka. Kwenye ofisi yetu ya Muhima, hapa Kigali, mashine haihesabiwi kuwa imepona eti kwa kuwa inawaka. Imepona mteja anaposaini fomu, na fomu haisainiwi mpaka ujaze sehemu iliyoandikwa Sababu ya Hitilafu. Hata ufufue seva mbele ya kadamnasi, bila saini wewe ni mzururaji tu.

Siku hiyo niliitwa Kagugu, kwenye kampuni moja ya kusafirisha mizigo. Seva yao ilikuwa imezimika asubuhi na kugoma kuwaka. Nilipoingia kwenye chumba cha mashine nusura niteleze, maana sakafu ilikuwa imetoka kukoropwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: sijapata kuona chumba cha seva kinachong'aa vile. Nikakata umeme, nikachomoa pawa saplai, kile kisanduku cha kuipatia seva umeme, kilichokaa kiganja kimoja tu kutoka sakafuni. Maji yakanichuruzika mpaka kwenye kiwiko, yananukia sabuni.

Mama wa usafi, mtu mzima mwenye sare ya bluu, alikuwa amesimama mlangoni na mpira wake wa kusukumia maji.

"Fundi, ni mazi?" akauliza, akionyesha maji yaliyonichuruzika. "Bosi alisema nikoropa kila siku, mpaka chini ya mashini. Na mazi mingi, juu ya vumbi."

Hasira zikanipanda. Nani anaogesha seva? Lakini nimeishi Kigali miaka ya kutosha, na jibu nilikuwa nalo. Hapa vumbi jekundu ni adui, na adui huyo hafukuzwi kwa kitambaa kikavu. Anapigwa kwa ndoo, sabuni na mpira, barazani mpaka uani, kila siku ya Mungu. Kwetu Biryogo ukimwambia mtu asafishe bila maji atakuuliza kama unaumwa.

Nilifunga pawa saplai mpya, nikakausha kila kilicholowa, seva ikawaka. Nikamwita meneja, kijana mpole mwenye shati lililonyooka kama karatasi. Aliiangalia fomu, akaniambia taratibu, "Andika ni uzembe ya umukozi wa usafi, fundi. Nasaini sasa hivi. Wakubwa wanataka kujua nani aliua mashini, na huyo lazima aende."

Basi ndiyo hivyo. Riziki ya yule mama ilikuwa kwenye ncha ya kalamu yangu, na yeye alikuwa hatua tano kutoka tulipo, anakausha sakafu kwa ajili yangu nisianguke.

"Bwana meneja," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya heshima, "huyu ametii amri. Amri ni yako."

Hakukasirika. Alifungua faili, akatoa nakala ya fomu ya safari yangu ya mwisho pale, miezi michache nyuma, akaniwekea mbele. Mwandiko ni wangu: Vumbi limeziba feni. Chumba kisafishwe kila siku.

"Na mimi nilitii yako," akasema.

Nilikasirika kama mwizi aliyeshikwa. Nilijua nilichokusudia: kitambaa kikavu, brashi, mashine ya kufyonza vumbi. Sikuandika hata kimoja, kwa sababu siku ile nilikuwa na haraka ya kufunga kazi. Na hapo hapo simu ikalia, bosi wangu wa Muhima, bila salamu: "Umefunga?"

Ningeweza kuandika ukweli wote. Ungekuwa mfupi tu, kwamba maelekezo ya fundi hayakujitosheleza, meneja akayafuata, mama akatumwa. Lakini fomu ya namna hiyo ingefika mezani kwa bosi kabla yangu, na nilikuwa na mkataba unaokaribia kwisha. Nikajitia ushujaa. Nikamwambia meneja siandiki uzembe wa mtu, hata unichinje. Nikaandika: Maji ya kukoropa yameingia kwenye pawa saplai. Sikutaja jina wala lawama. Nilifunika kombe mwanaharamu apite, na nikajiona mtu wa haki.

Meneja alisoma, akasaini haraka, akanishukuru. Shukrani ile ilitakiwa kunishtua.

Nilikuwa getini nasubiri pikipiki yule mama alipotoka. Hakuwa na sare. Alikuwa ameikunja vizuri, akamkabidhi mlinzi, kisha akanifuata.

"Bananifukuza, fundi. Uliandika nini kwa karatasi?"

"Nimeandika ni maji, mama. Sikukutaja."

Nikasubiri matusi, niliyataka kabisa, ningeyapokea yote.

"Ni kweri," akasema. "Mazi, ni miye niliweka. Asante juu hukuandika urongo."

Akanipa mkono, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, vile watu wa hapa wanavyomsalimu mtu wanayemheshimu. Kisha akateremka na barabara kwa miguu. Fomu ilikuwa mkononi mwangu, kalamu ilikuwa mfukoni, na chini ya sentensi yangu moja ilibaki mistari mitatu mitupu.